Simu iliyovimbiwa

Mteja alikuwa amesimama mbele ya kioo, gauni limemkaa vile nilivyolikusudia, nami nimeinua simu nimpige picha kabla hajalivua. Simu ikaniambia nafasi haitoshi. Nikafuta video mbili za vichekesho ambazo wala sikumbuki zilitoka kwa nani, nikainua tena. Ikapiga picha moja, ya pili ikagoma. Mteja akanionea huruma, akanipa simu yake: "Piga na hii, fundi, nitakutumia." Akanitumia kweli. Picha haikushuka, kwa sababu hata nafasi ya kuipokea haikuwepo.

Siku hiyo ndiyo nilipoamua kununua simu mpya. Na kwa kuwa nilishaumia, nikaapa kwamba safari hii sitanunua kwa rangi ya kava wala kwa wingi wa macho ya kamera. Ningechagua kwa zile namba mbili zilizoandikwa kwenye boksi, 4+64, 8+256, ambazo miaka yote nilikuwa nazipita kama mtu anavyopita masharti ya mkataba.

Mimi ni fundi cherehani. Sikusomea kompyuta, nimejifunza kwa kuumia. Simu yangu ndiyo daftari la vipimo na ndiyo albamu ya mishono. Wateja wangu wengi hawaandiki vipimo, wananitumia meseji ya sauti: "Fundi, kiuno kimeongezeka inchi mbili, usiniulize kwa nini." Meseji kama hiyo siwezi kuifuta. Nikiifuta, nimefuta kiuno cha mtu.

Wa kwanza kumwomba ushauri alikuwa mtoto wa dada yangu, ambaye anapenda michezo ya simu kuliko chakula. Aliishika simu yangu, akafungua hiki na kile, akaona kibodi inachukua muda kujitokeza, akatoa hukumu: "Mama mdogo, hii haina RAM. Nunua yenye RAM kubwa, mengine yote ni mapambo." Nikaamini. Kwa muda wa wiki mbili nilitafuta RAM tu, kila simu naiuliza RAM, mpaka nilipokaa chini siku moja nikaufungua ukurasa wa hifadhi kwenye mipangilio ya ile simu ya zamani na kuyasoma yaliyomo polepole. Hapo nikagundua kwamba tatizo langu lilikuwa kwingine kabisa.

Najua kila anayeeleza mambo haya huleta mfano wa meza na kabati. Nitauleta na mimi, maana vyote viwili ninavyo na ninaishi navyo. RAM ni meza ya kukatia: kile ninachokifanya sasa hivi kimetandazwa pale. Hifadhi ni kabati: majora yote, mabaki, vifungo, nguo ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua. Meza ikiwa ndogo, kila nikitaka kukata kitu kipya lazima nikunje cha kwanza. Kabati likiwa dogo, kitambaa kipya hakina pa kulala. Mfano unaishia hapo, kwa sababu meza yangu umeme ukikatika inabaki na vitambaa vyake, lakini RAM simu ikizimwa inafutika yote.

Kwenye maboksi mengi utakuta hifadhi imeandikwa ROM. Hilo ni jina la kurithi, lilikuwa na maana ya kumbukumbu ya kusomwa tu isiyoandikika, na hifadhi ya simu yako unaiandika mchana kutwa. Usihangaike nalo. Ukiona 8GB RAM na 256GB ROM, ya pili ndiyo kabati.

Sasa turudi kwenye simu yangu ya zamani. Ilikuwa 4+64, yaani RAM GB 4 na hifadhi GB 64. Ukurasa wa hifadhi ulionyesha hivi: mfumo wenyewe GB 15, programu GB 14, WhatsApp GB 19, picha na video nilizopiga mwenyewe GB 11, vikorokoro vingine GB 2. Jumla 61. Nilikuwa nayo miezi 32.

Ukitoa mfumo na programu, ambazo zilikuwemo karibu tangu mwanzo, yaliyobaki ni GB 32 kwa miezi 32. GB moja kila mwezi. Hesabu ilikaa sawa hivyo hadi nikaishuku, nikaipiga tena, ikatoka ile ile. Hii ndiyo namba ambayo hakuna muuzaji anayeweza kukupa, na ndiyo muhimu kuliko zote: wewe, kwa maisha yako, unaongeza kiasi gani kwa mwezi. Kwa simu uliyonayo sasa ni suala la dakika tano na kalamu.

Nikaendelea. Simu mpya nataka inikalie miaka minne, yaani miezi 48. Kwa mwendo ule ule ni GB 48. Lakini mwaka wote wa mwisho nilikuwa nafuta kila wiki ili nipumue, kwa hiyo ile GB moja ilikuwa ya mtu aliye kwenye mgawo. Tena kamera za siku hizi zinatoa mafaili makubwa zaidi. Nikazidisha mara mbili, ikawa 96. Programu nazo hunenepa kila zinaposasishwa, nikaziwekea 20. Mfumo nikauwekea 22. Jumla 138. Hapo 128 ilikuwa imeshajitoa yenyewe.

Na bado. Simu haitakiwi kujazwa hadi kwenye ukingo, na hili nitalieleza kwa urefu kidogo kwa sababu ndilo lililoniua bila mimi kujua. Kumbukumbu iliyomo ndani ya simu ni ya aina inayoitwa flash. Aliyeibuni ni Mjapani Fujio Masuoka, akiwa Toshiba, miaka ya 1980, na jina lilitokana na namna inavyofuta: sehemu nzima kwa mkupuo, kama mwako wa taa ya kamera. Kuandika inaandika vipande vidogo vidogo, ila kufuta haiwezi kufuta kipande kimoja peke yake, lazima ifute bunda zima. Kwa hiyo ukifuta picha moja, data nyingine zilizomo kwenye bunda lile inabidi zihamishiwe kwanza mahali pengine, ndipo bunda lisafishwe. Nafasi ikiwepo, kazi hii inafanyika kimyakimya simu ikiwa imepumzika. Nafasi isipokuwepo, inafanyika pale pale ulipobonyeza, huku wewe ukingoja.

Ni sawa na kabati lililosongwa hadi mlango haufungiki. Kutoa kitambaa kimoja cha chini unashusha marundo matatu, na huna hata pa kuyashusha. Kibodi ya simu yangu iliyokuwa ikichelewa, ile iliyohukumiwa kwamba ni RAM, ilikuwa inangoja marundo. Niliipunguza simu ile hadi ikabaki na GB 14 tupu, kwa kuhamishia vitu kwenye kompyuta ya kaka yangu, na siku iliyofuata ikaanza kufanya kazi kama simu tena. RAM ilikuwa ile ile 4. Sikusema neno kwa mtoto wa dada yangu, nilimwekea tu mkononi aiguse.

Kwa hiyo acha angalau sehemu moja kati ya tano iwe tupu. 138 ukiigawa kwa 0.8 unapata kama 172. Saizi inayofuata kwenye maboksi ni 256. Nikaandika 256 nyuma ya karatasi ya mchoro wa koti, nikaizungushia duara.

Hapa kuna jambo dogo linalowatia watu wasiwasi bure. Boksi likisema 128 kisha kompyuta ikakuonyesha 119, hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, kompyuta nyingi zinahesabu kwa 1,024, na tofauti hiyo ikizidishwa mara tatu inakula hizo tisa. Kinachokula kweli ni mfumo, na huo usiusahau kwenye hesabu: simu ya 64 haijawahi kuwa na 64 zako.

Kwa wanaopiga video, namba za Apple zinasaidia hata kama simu yako si iPhone, kwa sababu ni chache zilizoandikwa waziwazi kwenye mipangilio ya kamera. Dakika moja ya video ya 1080p, ubora wa kawaida, kwa fremu 30, yaani picha 30 kila sekunde, ni kama MB 60 kwa mbano mpya wa HEVC, na MB 130 kwa mbano wa zamani. Ukipanda hadi 4K, iliyo kali zaidi, fremu 30 kwa HEVC ni MB 170. 4K fremu 60 ni MB 400, maana yake dakika kumi tu zinameza GB 4. Wale wa ProRes, video za kazi za kitaalamu, sina la kuwaambia, dakika moja ya 4K huko ni kama GB 6, na mtu anayeihitaji anajua tayari. Mimi nilishusha kamera yangu hadi 1080p. Pindo la sketi halihitaji 4K.

WhatsApp nayo ni sura yake. Zile GB 19 nilizikuta zimejaa vitu ambavyo sikuwahi kuviomba, na kosa lilikuwa langu: sikuwa nimezima upakuaji wa moja kwa moja, na nimo kwenye magrupu kumi na moja. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kuna ukurasa unaopanga mazungumzo kwa ukubwa na kukutolea pembeni mafaili yanayozidi MB 5 na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Niliufungua kwa mara ya kwanza baada ya miezi 32. Grupu moja la watu wasiozidi thelathini lilikuwa na GB 6 peke yake. Video ile ile ya mtu anayemenya nanasi nilikuwa nayo mara nne.

Tuje kwenye RAM, maana nisije nikaonekana naidharau.

Android haifungi programu kila unapoitoka. Inaiacha pale kwenye meza, imekunjwa kidogo, ili ukirudi uikute. Meza ikijaa, mfumo unazitoa za nyuma, zile usizozigusa muda mrefu. Iphone nazo zina mlinzi wao wa namna hiyo. Dalili ya wazi ya RAM ndogo, kwa hiyo, si kibodi kuchelewa. Dalili ni kurudi na kukuta vitu vimeanza upya: ulikuwa unajaza fomu kwenye kivinjari, ukaenda WhatsApp kunakili namba, ukarudi, ukurasa unajipakia tena na fomu ni tupu. Muziki kukatika ulipofungua kamera. Ramani kusahau ulikokuwa unaenda. Ukiona hayo kila siku, ndiyo, meza ni ndogo.

Kuna tabia ya kufuta programu zote kwa kuzitelezesha juu kila baada ya dakika chache. Mama yangu anaifanya kama mtu anayefuta vumbi. Haisaidii. RAM iliyo tupu haifanyi kazi yoyote, na programu uliyoifukuza ukiiita tena inaanza kutoka mwanzo, ikila chaji zaidi ya kama ungeiacha. Zile programu zinazojidai kusafisha RAM zinafanya hivyo hivyo, tena zenyewe zinakaa kwenye RAM.

Kiasi gani kinatosha? Nitasema ninavyoona mimi. GB 4 kwa Android leo ni kwa mtu wa kupiga simu, WhatsApp na redio, na awe na subira. GB 6 ni mahali pa kuanzia kwa mtu anayetarajia simu idumu. GB 8 inamtosha karibu kila mtu ninayemjua. GB 12 ni kwa wachezaji kama mtoto wa dada yangu, kwa wanaohariri video ndani ya simu, na kwa mambo ya akili mnemba yanayofanyika ndani ya simu yenyewe bila intaneti, ambayo yanataka meza pana kweli. Mfano wake ni Apple Intelligence: iPhone 15 Pro yenye GB 8 inaipata, iPhone 15 ya kawaida yenye GB 6 haiipati, ingawa zilitoka siku moja mwaka 2023. Na hiyo Apple Intelligence inadai tena hadi GB 7 za hifadhi. Ukitaja iPhone, usiilinganishe na Android kwa namba ya RAM. Apple wenyewe hata hawaiandiki kwenye boksi, na mifumo hiyo miwili haitumii meza kwa namna moja.

Kitu kilichonichosha zaidi kwenye wiki zile ni alama ya kujumlisha. Muuzaji mmoja alinionyesha boksi limeandikwa 16GB kwa herufi nene, na chini yake, kwa herufi za sisimizi, 8+8. Nikamwuliza hizo nane nyingine ni za nini. Akasema ni za ziada. Ziada ya nini? Ya RAM. Nikamwambia nionyeshe, akacheka.

Ile nane ya pili ni kipande cha hifadhi kilichokopwa kiigize RAM. Wengine wanaiita RAM ya kupanua, Samsung wanaiita RAM Plus. Mfumo unachukua programu iliyolala kwenye meza, unaikunja na kuiweka kabatini, ukiihitaji unairudisha. Inafanya kazi, siyo uongo mtupu. Ila tazama mwendo. RAM ya LPDDR4X, ambayo siku hizi ni ya simu za bei ya chini, inaweza kupitisha kama GB 17 kwa sekunde kwenye simu za kawaida. Hifadhi ya aina ya eMMC 5.1 kikomo chake ni MB 400 kwa sekunde. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara arobaini. Kuita kitu hicho RAM ni kama mimi kumwambia mteja nina meza mbili, ya pili ni sakafu. Tena kila kuandika kunaichakaza flash kidogo, na kipande kilichokopwa kinatoka kwenye hifadhi yako. Ukinunua simu ya 4+4 yenye 64, umeshapunguziwa kabati kabla hujaweka picha moja. Sehemu ya kuizima ipo kwenye mipangilio. Kwa simu yenye RAM 8 halisi mimi niliizima siku ya kwanza na sijaona tofauti.

Na hapo ndipo nilipojifunza kuuliza swali la tatu, ambalo halijaandikwa kwenye boksi: hifadhi yenyewe ni ya aina gani?

Hili lilinishangaza. Nilikuwa nadhani GB 128 ni GB 128. Kumbe ziko za mwendo tofauti kama basi na baiskeli. Ya chini ni eMMC, ile ya MB 400, na ina kasoro nyingine: njia yake ni moja, ikisoma haiandiki, ikiandika haisomi. Ndiyo maana simu ya namna hiyo ikiwa inapakua sasisho, kila kitu kingine kinaganda. Ya juu yake ni UFS, ambayo inasoma na kuandika kwa wakati mmoja. UFS 2.1 na 2.2, zinazopatikana hata kwenye simu za kati, kikomo chao ni MB 1,200 kwa sekunde. Kisha kuna UFS 3.1, na UFS 4.0 ambayo Samsung walipoitangaza mwaka 2022 walitaja MB 4,200 kwa sekunde za kusoma. Kwa kazi za kawaida hutaona tofauti kubwa kati ya 3.1 na 4.0. Lakini kati ya eMMC na UFS yoyote utaiona asubuhi ya kwanza, na utaiona zaidi mwaka wa tatu.

Kwa hiyo RAM 8 juu ya eMMC ni meza kubwa iliyowekwa mbele ya kabati lenye mlango wa panya. Ningechukua 6 yenye UFS kuliko hiyo, bila kufikiri mara mbili.

Mipangilio ya simu kwa kawaida haikuonyeshi aina ya hifadhi. Tafuta jina kamili la simu kwenye tovuti ya GSMArena, uangalie mstari wa kumbukumbu, mara nyingi imeandikwa pale. Soma kwa makini, kwa sababu aina inaweza kutofautiana ndani ya simu yenye jina moja: Galaxy S23 ya GB 128 ilikuja na UFS 3.1, ya GB 256 ikaja na 4.0. Kama simu iko mkononi tayari, programu ya AndroBench inapima mwendo. Kusoma mfululizo kukiwa chini ya MB 400, unajua umeshika nini.

Msomaji mwenye memori kadi ameshaanza kunijibu kichwani. Nami nilikuwa na memori kadi. Nilinunua ya 256 mwaka wa pili wa ile simu, kwa mtu aliyekuwa na maneno matamu na karatasi ya dhamana isiyo na jina la kampuni. Ilikaa vizuri wiki tatu. Kisha picha zikaanza kuonekana kwa majina tu, ukizifungua ni kijivu. Kadi ile ilikuwa ndogo sana iliyofundishwa kusema kwamba ni kubwa: ikijaa, inaendelea kupokea na kuandika juu ya yaliyomo. Nilipoteza mishono ya miezi miwili na vipimo vya familia moja yenye watu saba. Nilirudi kuwapima wote upya na kujidai napima kwa sababu watoto wanakua. Siku hizi kadi yoyote mpya naijaribu kwanza kwenye kompyuta kwa H2testw, programu ya bure inayoijaza yote kisha kuisoma tena. Inachukua saa nyingi. Iache ilale usiku kucha.

Kadi halisi ni nzuri kwa picha, muziki na video. Kuiunganisha na hifadhi ya ndani ili ibebe programu, jambo ambalo Android iliruhusu tangu 6.0 mwaka 2015, mimi sikushauri. Kadi yenye alama A1 inaahidi usomaji wa mara 1,500 kwa sekunde na uandishi wa mara 500, A2 inaahidi 4,000 na 2,000, na hata hiyo A2 haifiki karibu na UFS. Juu ya hayo, kadi ikishaunganishwa namna hiyo inafungwa kwa ufunguo wa siri wa simu ile ile, simu ikifa kadi haisomeki kwingine. Tena simu nyingi hazina tena tundu lake. iPhone hazijawahi kuwa nalo, Pixel za Google vilevile, na Galaxy S wakaliondoa na S21 mwaka 2021. Nyingine zinalo lakini ni la kuchagua, ama kadi ama laini ya pili. Mimi nina laini mbili, ya wateja na ya nyumbani, kwa hiyo tundu hilo kwangu ni kama halipo.

Kuhifadhi mtandaoni nitapita haraka. Google wanatoa GB 15 bure kwa barua pepe, picha na vingine vyote pamoja, Apple wanatoa 5. Zile siku za kupandisha picha zilizopunguzwa ubora bila kikomo kwenye Google Photos ziliisha tarehe 1 Juni 2021. Ni pazuri pa kuweka nakala, na nakala ninayo, ila kila kukitazama kitu unalipia bando, na mteja aliyesimama mbele yako akitaka kuona mshono wa mwaka juzi hangoji mtandao.

Basi mwisho zikabaki simu mbili mezani, gharama moja, kampuni moja, prosesa moja, zote UFS. Moja 12+128, nyingine 8+256. Mtoto wa dada yangu alikuwa upande wa kwanza na hakuficha. Kwake ni sahihi: michezo yake anaifuta akiimaliza, picha zake ziko mtandaoni, anachotaka ni meza. Mimi sifuti viuno vya watu. Nikachukua ya pili, akaniangalia kama niliyechagua kitambaa kwa upande wa nyuma.

Imepita miezi saba. Mara moja moja nikiwa nimefungua programu ya kuchorea patani, kisha nikaenda kujibu meseji ndefu, nikirudi naikuta imejipakia upya. Ile 12 isingefanya hivyo, nakiri. Sijakwama hata mara moja kupiga picha.

Juzi nikafungua ukurasa wa hifadhi nione kama hesabu yangu ya nyuma ya karatasi imesimama. Vitu vipya ni GB 13 kwa miezi saba, na nilikadiria mbili kwa mwezi, hivyo hapo sijambo. Mfumo 22, kama nilivyouandikia. Programu 16. Jumla yake ni 51, lakini simu ikawa inasema 70. Nikahesabu tena, nikatafuta virusi, nikamwita hadi mtoto wa dada yangu. Ni yeye aliyeuliza, bila kuinua macho kwenye mchezo wake, "Na zile ulizohama nazo?"

GB 19. Mishono ya zamani, na meseji zote za sauti. Karatasi nzima ya hesabu sikuwa nimeziandika popote.